Keshia na mteja mkorofi: mwongozo kamili wa kaunta

Kaa kaunta ya supamaketi yoyote ya Dar es Salaam wiki ya mwisho wa mwezi, utaona kwamba wateja wanaopandisha sauti hawagombani kwa mambo mengi. Ni chenji. Ni bei ya rafuni isiyolingana na ya mashine. Ni muamala wa simu ambao haujaingia, mali inayorudishwa, na foleni. Karibu yote hayo yanahesabika au yanaonekana kwa macho, ndiyo maana keshia mzoefu hategemei ulimi. Anapokea pesa kwa utaratibu ulio wazi tangu mteja wa kwanza wa asubuhi, na ugomvi ukizuka ana cha kuonyesha. Maneno laini yana kazi moja tu, kukupa dakika mbili za kutafuta ukweli.

Noti na sheria zinazotajwa hapa ni za Tanzania Bara. Hatua zenyewe zitamfaa hata keshia wa Mombasa au Kampala.

Kabla ya kufungua kaunta

Ugomvi mdogo kuliko yote, na unaojirudia kuliko yote, huanzia kwenye floti mbovu, yaani pesa ya chenji unayoanza nayo zamu. Keshia aliyeanza zamu na noti tano za elfu kumi hana floti, ana matatizo. Kwa duka la kawaida, floti ya shilingi 50,000 ipangwe hivi: noti 2 za 5,000, noti 8 za 2,000, noti 12 za 1,000, sarafu 14 za 500, sarafu 15 za 200, sarafu 16 za 100 na sarafu 8 za 50. Ihesabu mbele ya aliyekukabidhi, msaini wote wawili. Noti za 1,000 zikibaki nne, omba chenji hapo hapo. Usisubiri ziishe.

Pipi na kiberiti si chenji. Mteja anayepewa pipi mbili badala ya shilingi 100 anaweza kunyamaza leo, ila kesho akilipa kwa pipi zilezile utakosa jibu. Kama 50 au 100 haipo kabisa, sema kabla hujapokea noti: "Mama, sina mia ya kukurudishia. Una sarafu kidogo, au niongeze kiberiti?" Akikubali kwa hiari yake, ni biashara. Akigundua baada ya kulipa, ni wizi machoni pake. Maduka yenye busara huamua kwamba hasara ya 50 inabebwa na duka, na keshia anaruhusiwa kuzungusha kwa faida ya mteja.

Kupokea pesa taslimu

Utaratibu huu ufanye kwa kila mteja, hata jirani yako. Ukiufanya kwa unayemshuku tu, atajua.

1. Msalimie kabla ya kugusa mzigo wake. Kwa mtu mzima ni shikamoo, hata kama foleni imefika kwenye friji za maziwa. Mtu aliyesalimiwa huanza ugomvi kwa shida kidogo kuliko aliyepokelewa kwa "lete".
2. Taja jumla kwa sauti: "Elfu tatu na mia nne, baba."
3. Noti ikifika mkononi, itaje hapo hapo: "Nimepokea elfu tano." Chini ya taa hafifu noti iliyochakaa inaweza kukupotosha, hivyo angalia mnyama: simba ni 2,000, faru ni 5,000, tembo ni 10,000.
4. Ilaze noti juu ya droo au kwenye kibanio, mahali ambapo mteja anaiona. Isiingie drooni bado.
5. Hesabu chenji kwa kupanda kutoka kwenye bei: mia moja, "tatu na nusu", mia tano, "nne", elfu moja, "tano." Hesabu ya namna hii hujisahihisha, kwa sababu isipofika kwenye noti aliyotoa, wote wawili mnaona.
6. Mpe mkononi, kwa mkono wa kulia, pamoja na risiti. Usimwage sarafu juu ya kaunta.
7. Sasa noti iingie drooni.

Hatua ya nne ndiyo makeshia wengi huiruka wakiwa na haraka. Noti ikishachanganyika na wenzake, ushahidi umekwisha.

"Nilikupa elfu kumi, wewe umenirudishia ya elfu tano"

Hata ukifuata yote hayo, siku hii itafika. Mzigo wa 3,400, umerudisha 1,600, mteja anadai alitoa elfu kumi na alistahili 6,600. Usimwambie ni mwongo na usimwambie umekosea, kwa sababu bado hujui. Sema hivi: "Sawa dada, tutajua sasa hivi. Nafunga kaunta tuhesabu droo. Itachukua dakika kama kumi, karibu usogee hapa pembeni." Kisha mwite supavaiza. Usihesabu peke yako.

Hesabu inakwenda hivi. Toa ripoti X, muhtasari wa mauzo hadi saa hiyo, kwenye mashine. Usitoe ripoti Z, maana hiyo hufunga mauzo ya siku. Tuseme X inaonyesha mauzo yote 684,200. Ondoa yaliyolipwa kwa simu kupitia Lipa Namba, 231,500, na ya kadi, 40,300. Taslimu inabaki 412,400. Ongeza floti 50,000. Ondoa kilichotoka drooni kwa vocha (hati ya malipo), tuseme 6,000 ya maji ya wafanyakazi. Droo inatakiwa kuwa na 456,400.

Supavaiza anahesabu na kukuta 461,350. Kuna ziada ya 4,950. Mteja alikuwa sahihi: ile 50 pungufu ni sarafu iliyopotelea kwenye chenji za mchana. Mpe 5,000 yake, muombe radhi mbele ya watu wale wale waliosikia ugomvi, na muandike vocha. Droo ikilingana, mwonyeshe karatasi ya hesabu na umwache supavaiza amalizie. Kinachotafutwa ni tofauti iliyo karibu kabisa na kiasi anachodai. Ziada ya 2,000 haithibitishi dai la 5,000. Inathibitisha tu kwamba kuna kosa jingine mahali.

Kama foleni ni ndefu mno na haiwezekani kufunga, chukua jina, namba ya simu, saa na namba ya risiti, na mwahidi kupigiwa baada ya kufunga hesabu. Halafu apigiwe kweli, hata kama jibu ni hapana. Kamera husaidia pale tu inapoelekea droo kwa juu. Ile iliyoelekezwa mlangoni haionyeshi tofauti ya faru na tembo.

Anayebadilisha mawazo katikati ya chenji

Huyu mara nyingine ni tapeli, na ni mcheshi sana. Ananunua maji ya 1,000 kwa noti ya elfu kumi. Ukishamhesabia 9,000 anasema, "Aa, kumbe nina elfu moja hapa, nirudishie ile elfu kumi yangu." Anakukabidhi fungu la noti huku akiongea, anaongeza ombi jingine la kuvunjiwa elfu tano, na ndani ya nusu dakika hujui tena nani anamdai nani.

Dawa yake ni kukataa mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza pokea 9,000 zote, zihesabu kwa sauti, ziweke drooni. Kisha pokea ile 1,000. Ndipo elfu kumi itoke. Akiomba la pili kabla la kwanza halijaisha, funga droo: "Tumalize hili kwanza, kaka." Ukihisi umechanganyikiwa, simama kabisa na umwite mwenzako. Mteja wa kweli atanung'unika kidogo na kusubiri. Yule mwingine mara nyingi hukumbuka ana haraka.

Muamala wa simu ambao haujaonekana

Hapa ndipo heshima nyingi huvunjika, kwa sababu mara nyingi wote wawili wanasema kweli: yeye amekatwa, wewe hujapokea.

Mtajie kiasi kamili kabla hajaanza kubonyeza. Akiingiza Lipa Namba, mwombe asome jina la biashara linalotokea kwenye simu yake kabla ya kuweka namba ya siri. Kosa kubwa liko hapo, tarakimu moja ikikosewa pesa inakwenda duka la mtu mwingine. Akimaliza, ushahidi ni ujumbe ulioingia kwenye simu ya duka. Ujumbe wa kwenye simu yake hautoshi, na picha ya skrini haifai kabisa, inaweza kuwa ya jana. Linganisha kiasi, saa na namba ya kumbukumbu. Ujumbe wa kughushi mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida ya simu badala ya jina la huduma, na salio la duka halibadiliki. Ukiwa na shaka angalia salio au orodha ya miamala kwenye menyu. Usitegemee mlio wa simu.

Ujumbe usipofika ndani ya dakika mbili au tatu, fuata mpangilio huu. Angalia orodha ya miamala, kwa kuwa mara nyingi pesa imeingia na ujumbe ndio umechelewa. Haipo? Soma pamoja naye ujumbe wake: jina la aliyelipwa ni la duka lako? Kama ni jina jingine, duka haliwezi kuirudisha. Apige huduma kwa wateja ya mtandao wake, 100, akiwa na namba ya kumbukumbu, na apige haraka kabla aliyepokea hajaitoa. Kama jina ni la duka na pesa haijaonekana, andika namba ya kumbukumbu kwenye daftari la kaunta na umpe njia mbili: alipe taslimu sasa na arudishiwe muamala ukiingia, au mzigo uwekwe pembeni kwa jina lake. Usimruhusu aondoke na mzigo kwa sababu ana sura ya kistaarabu. Na usimwambie "tutakurudishia" kabla pesa haijafika kwenu.

Maneno ya kumwambia ni mepesi: "Naamini umekatwa, mama. Kwangu haijafika bado. Tuangalie pamoja imekwama wapi." Sentensi hiyo inamwondoa kwenye kujitetea.

Noti inayokataliwa

Noti ya 500 ya karatasi bado hujitokeza, hasa kwa wazee waliokuwa wameihifadhi. Benki Kuu iliiondoa pamoja na noti zote za matoleo ya 1985 hadi 2003. Muda wa kuzibadilisha ulikuwa 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Mweleze taratibu, usimcheke, usiipokee.

Noti unayoishuku iguse kwanza kama ina mkwaruzo wa chapa, iinue kwenye mwanga uone sura ya Mwalimu Nyerere ndani ya karatasi, na uone uzi wa usalama umo ndani na haukuchorwa juu. Jambo moja la lazima: isiondoke machoni pa mteja. Ukiingia nayo ofisini na kurudi unasema ni bandia, atasema umeibadilisha, na hutakuwa na la kumjibu. Mwite supavaiza aje pale pale. Usimwite mteja tapeli, kwani naye huenda alipewa kwenye daladala.

Mgeni mwenye dola aelekezwe benki au duka la kubadilishia fedha. Tangu kanuni za Machi 2025, malipo ya bidhaa nchini ni kwa shilingi.

Bei ya rafuni na bei ya mashine

Sababu kwa kawaida ni mbili. Ofa imeisha ofisini na lebo imebaki rafuni, au paketi ya gramu 500 imesukumwa nyuma ya lebo ya gramu 400. Usibishane kutoka kwenye kiti chako. Mtume mpanga rafu apige picha ya lebo na bidhaa. Lebo ikiwa ya bidhaa hiyo kweli, mteja apewe bei ya rafuni na supavaiza airekebishe. Tofauti ya 500 ni ndogo kuliko gharama ya foleni iliyosimama. Kisha lebo iondolewe dakika hiyo hiyo. Maduka husahau sehemu hii, na saa moja baadaye mteja wa pili anakuja na ugomvi ule ule.

Mfuko nao huleta maneno. Tangu 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, na mifuko mbadala inauzwa. Uliza "una mfuko?" kabla ya kutaja jumla, si baada ya kulipa.

Risiti ya kuzidisha, na "nipunguzie usinipe risiti"

Wa kwanza anataka risiti ya laki mbili kwa mzigo wa laki moja na ishirini, akadai ofisini kwake. Wa pili anataka mkato. Jibu la wote ni moja na lisiwe na hotuba: "Mashine inatuma TRA kilichouzwa, kaka. Siwezi kubadilisha." Duka likikubali la kwanza litawajibika kwa VAT ya mauzo ambayo hayakufanyika, na aliyebonyeza ni wewe.

Mali inayorudishwa

Tangazo la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" lisikupe kiburi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, inamlinda mlaji, na aliyeuziwa maziwa yaliyopita tarehe hawezi kunyamazishwa kwa karatasi ya ukutani. Tenganisha haraka: kitu kina kasoro au muda umepita, au mteja amebadili mawazo tu. La kwanza lipokee, angalia risiti na tarehe, mwite supavaiza. La pili ni uamuzi wa duka, na si wako. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, haifutwi kwa kitufe. Marejesho yanaandikwa, yanasainiwa na kuambatishwa na risiti halisi. Usitoe pesa drooni kwa huruma, kwani jioni itahesabika kuwa shoti, yaani upungufu wa droo.

Sauti inapopanda

Punguza yako. Mikono ionekane juu ya kaunta. Rudia dai lake likiwa na tarakimu, halafu sema utakachofanya na muda wake: "Nimekuelewa baba. Umetozwa elfu nne na mia tano badala ya elfu nne. Namtuma mwenzangu rafuni, dakika mbili." Mtu aliyesikia shida yake ikitajwa kwa usahihi hana sababu ya kuirudia kwa kelele.

Usiseme "tulia", "punguza jazba" wala "ungesoma tangazo". Usicheke na mwenzako wa kaunta ya pili, hata kwa jambo jingine.

Kisha mtoe kwenye foleni. Hadhira humfanya mtu aigize. Simamisha mauzo yake kwenye mashine, msogeze pembeni na supavaiza, mhudumie anayefuata. Akitoa simu na kuanza kurekodi, usiishike wala usijifiche. Endelea na kazi kwa sauti ile ile na meneja aje. Kinachosambaa mitandaoni huwa ni jibu la keshia.

Anayekuita mrembo na kudai namba: "Namba ya duka iko kwenye risiti, kaka. Karibu tena." Akigusa mkono, rudi nyuma, sema kwa sauti ya kusikika "usinishike", mwite mlinzi. Hapo huduma kwa mteja imekwisha, na meneja anayekuambia uvumilie anakosea. Mlevi naye asibishiwe; mpe chenji yake iliyohesabiwa mara mbili mbele ya mwenzako, na umwache aende.

Unapohisi kuna kitu hakijalipiwa

Neno "mwizi" lisitoke kinywani mwako. Nje ya mlango kuna bodaboda na wapita njia, na kelele hiyo imeshaua watu mitaani. Uliza kana kwamba ni usahaulifu: "Dada, kuna kingine cha kulipia chini ya troli?" Wengi hutoa na kulipa, na wapo waliosahau kweli. Asipotoa, mjulishe supavaiza kimya kimya. Usipekue mfuko wa mtu.

Baada ya tukio, na shoti ya jioni

Andika kwenye daftari siku hiyo hiyo: saa, namba ya risiti, kiasi, kilichosemwa, nani aliitwa, uamuzi. Mistari mitano inatosha. Mteja akirudi kesho kwa meneja na hadithi mpya, daftari ndilo litakusemea.

Hesabu ikifungwa na shoti, mwajiri hawezi kukata tu mshahara. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataka hasara iwe imetokana na kosa lako ukiwa kazini, akueleze kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, na akupe nafasi ya kupinga. Makato yasizidi hasara yenyewe, wala robo ya ujira. Weka nakala ya karatasi ya floti ya asubuhi na ya hesabu ya jioni, zote zikiwa na saini mbili, na usikubali mtu mwingine auze kwenye droo yako hata unapokwenda msalani bila kuifunga na kuondoka na ufunguo.